Roshani ya Wanawake

Haya yalimpata rafiki yangu Domina, fundi rangi, mzaliwa wa Moshi. Yeye na mafundi wenzake walikuwa wanakarabati jengo la zamani katikati ya Washington. Lilijengwa kuwa sinagogi, Wayahudi walipohamia vitongojini likawa kanisa, kisha likabaki tupu. Adhuhuri moja alipanda kuchukua brashi kwenye roshani ambako zamani wanawake walikaa wakati wa ibada. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na upande unaotazama ukumbi pia. Dunstan, fundi mwenzake, akamfungia mlango kwa utani.

"Kaka, fungua! Sioni hata mikono yangu!"

"Wasalimie hao mabibi waliomo humo," akajibu, akicheka.

Gizani benchi la mbele likalia, kama limekaliwa na mtu. Likafuata la pili, kisha lile lililokuwa nyuma yake. Domina alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Dunstan alizidi kucheka, akafungua alipochoka.

Jioni Domina alikuja kwangu Wheaton, nje kidogo ya jiji, akilalamika kuwa kisogo kinamuuma. Nikamvua kilemba. Msuko mmoja ulikuwa umefumuliwa na kusukwa upya, umekazwa mpaka ngozi ikachanika, na ndani yake mlikuwa na nywele ndefu, laini, zenye mvi, zisizo zake.