Aliyekaa Kiti cha Fundi

Kiti kilikuwa na joto. Mshonaji alikigusa kwa bahati tu, akitafuta pa kuweka mkoba, kiganja chake kikakutana na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akageuka huku na huku. Wao wawili ndio walikuwa wa kwanza kuingia. Hata mlinzi aliyewafungulia alikuwa bado anapigana na komeo la mlango.

"Wifi, hebu shika hapa," alinong'ona.

Wifi yake, msusi ambaye mdomo wake haujui likizo, akashika. "Jua hilo."

"Jua gani? Ukumbi hauna hata dirisha."

"Basi kuna panya mnene kaamka kwenda kazini. Kaa bwana, bisi zinapoa."

Jumba lile la sinema lilikuwa limefungwa miaka mingi, likabaki la popo na uvundo. Sasa lilikuwa linakwenda kubomolewa, na mwenye nalo akaona aliage kwa heshima: siku nzima, asubuhi mpaka jua linazama, filamu za zamani mfululizo, za mazimwi na za vyombo vya angani. Mshonaji hakuwa mpenzi wa vitu hivyo. Mpenzi alikuwa mumewe, fundi wa friji, mtu ambaye zimwi likimnyonga mtu kwenye pazia la sinema yeye hucheka mpaka machozi, kidole mbele: "Sindano, tazama! Zipu ya ngozi yake inaonekana!" Sindano ni jina alilompa mkewe kwa ajili ya pini alizokuwa akizibana midomoni. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Na sasa hakuna aliyemwita hivyo kabisa, maana Fundi alirushwa na umeme nyuma ya friji la bucha, akaletwa nyumbani amelazwa juu ya mlango.

Tangu hapo mkewe alikula kwa kulazimishwa na kulala kwa kubahatisha. Wifi ndiye aliyemvuta aje. "Tukamwangalilie kaka yangu filamu zake," alisema. "Halafu turudi tumlie vizuri."

Watu wakajaa, taa zikazimwa. Kwenye pazia kikashuka chombo cha angani kilichoning'inizwa kwa uzi, na uzi wenyewe ukaonekana mweupe. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mshonaji akajikuta anatabasamu, na tabasamu halijakauka alisikia harufu: risasi ya kulehemu, gesi ya friji na sabuni ya kipande.

"Sindano."

Sauti ilitoka kushoto, kwenye kile kiti. Wifi alikuwa kulia, anatafuna.

"Sindano, ni mimi. Nimehangaika kukutafuta."

Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka ataona kiti kitupu. "Umetoka wapi?" alinong'ona.

"Gizani. Nipe mkono."

Akampa.

Mkono uliomshika ulikuwa wa moto, na hilo likamliza kimya kimya, kwani mara ya mwisho kuushika ulikuwa umekakamaa. Akauachia wake utulie humo wakati filamu ya kwanza inaisha na ya pili inaanza, na polepole akaanza kuhisi kwamba ule moto si wa mwenzake bali ni wake mwenyewe, unamtoka kwenye vidole, kisha kwenye kiwiko, kisha begani, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka, na badala yake inaingia baridi, lakini hakuuondoa mkono, maana ile sauti ilikuwa inamsimulia mambo yao ya chumbani, moja baada ya jingine, bila kukosea.

Kwenye pazia zimwi la bahari likageuza mgongo. Zipu ikaonekana wazi, ndefu, imekwama katikati. Watu wakapiga miguu chini kwa kucheka.

Upande wa kushoto, kimya.

"Mbona hucheki?" aliuliza.

"Nicheke nini?"

Akajua. Pale pale akajua. Lakini hakuuachia mkono.

Wakati wa mapumziko taa ziliwashwa. Vile vilikuwa viti vya kujikunja. Mtu akiinuka, kiti nacho kinainuka. Wifi aliporudi na soda aliona safu nzima viti vimejikunja, isipokuwa alichokalia mshonaji na kile cha pembeni, ambacho kilikuwa kimelala chini, mto wake umebonyea. Mkono wa mshonaji ulikuwa umelazwa juu ya egemeo la kiti, vidole vimekusanywa pamoja kama vimefumbatwa. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi.

"Wifi, unaongea na nani?"

"Na kaka yako. Usipige kelele, ataondoka."

Chupa ya soda ikamponyoka. "Twende nje. Wifi yangu, nakuomba, inuka."

"Anataka tutoke pamoja filamu ya mwisho ikiisha. Ninachotakiwa ni kusema ndiyo tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini uso umetulia. "Sina la kufanya kule nyumbani, wifi. Nashona, nafumua, nashona."

Msusi alimvuta kwapani. Mtu mwembamba yule alikuwa mzito kama gunia la nguo zilizoloa. Akakimbia nje kwenye jua, akampigia simu mama yake.

Mama yao, yeye na Fundi, alikuwa mganga wa watu waliosumbuliwa na majini, mkali, hana mzaha na kazi yake. Alifika filamu ya mwisho ikiwa katikati, ameshika chupa ya maji aliyoyasomea, mguu mmoja kandambili na mwingine kiatu. Akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya kile kiti.

"Wewe ni nani?"

"Mama," sauti ikasema. "Mama, hunijui?"

Msusi akajiziba mdomo. Alikuwa amesikia. Ilikuwa sauti ya kaka yake akiwa na homa, ile ya utotoni, ya kuomba maji.

Yule bibi aliisahau chupa mkononi. Wale wa nyuma wakapiga kelele, "Mama, kaa chini, unatuziba!" Hakuwasikia. Alinyoosha mkono kama anayetaka kugusa shavu, ukafika nusu ya njia, akaurudisha kifuani.

"Mwanangu nimemzika," alisema. "Nilisimama pale mpaka udongo ukasawazishwa. Toka."

"Mama, nasikia baridi."

"Toka!" Kiti hakikutikisika. Akainama kwa mshonaji, akasema chinichini, "Mkwe wangu, amekaa kwa ridhaa yako. Peke yangu simwezi. Mkatae."

"Mama, akiondoka sitamsikia tena."

"Najua. Hata mimi."

Mshonaji akageuka kushoto kwa mara ya kwanza siku ile. Alichokiona hakumwambia mtu mpaka leo. Alifumbua vidole kimoja kimoja, kwa uchungu, kama anayetoa mkono kwenye mlango uliombana.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Wewe si yeye. Niache."

Bibi akamwaga maji. Kiti kikalia kama ng'ombe, kikainuka kwa kishindo, kikajikunja. Harufu ya gesi na sabuni ikakatika mara moja, ukabaki uvundo wa popo. Mshonaji akaanguka kifuani mwa mama mkwe, akavuta hewa kwa pupa, na huku akiivuta akawa anainusa, anaitafuta ile harufu, haipo.

Walimtoa wakimshika huku na huku. Joto lilimrudia baada ya siku kadhaa, isipokuwa kwenye ule mkono. Mpaka leo hushona akiwa ameufunga kitambaa.

Bibi alihamia kwake, na uganga akauacha. Watu walipomletea wagonjwa wao aliwapa chai, kisha akawaelekeza kwa waganga wengine. Siku moja wakiwa wanachambua mchele, mkwe wake alimuuliza kwa nini.

Bibi aliokota chuya, akaitupa.

"Siku jini mwingine atakaponililia kwa sauti ya mtoto wa mtu," alisema, "sijui kama nitamwambia atoke. Naogopa nitamwambia akae."