Kadi ya Adelina Ilipita Mezani Kwangu

"Sista, nasikia wewe ndiye bingwa wa Kiingereza cha kadi. Nisomee, uniambie kama kiko sawa."

Hapa Mtoni, kwenye steshenari ya braza Kondo, hakuna kadi ya harusi inayochapwa kabla sijaandika chini yake: SAWA, Vaileth. Nikaipokea huku natafuna muhogo, nikasoma kwa sauti.

"I found you, and I stopped looking."

Muhogo ukanikwama.

"Kuna kosa?" akauliza yule dada.

"Haya maneno umeyatoa wapi?"

"Kayatunga mchumba wangu, Augustine. Eti yametoka moyoni."

Moyoni mwa nani? Mwezi uliopita Augustine wangu alinitumia meseji: "Mpenzi, 'I found you' ni sahihi?" Nikamjibu ni sahihi, kisha nikamwongezea mwenyewe hayo ya mbele, kwamba baada ya kukupata nikaacha kutafuta. Nikashinda siku nzima nacheka peke yangu, mjinga mie.

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Adelina. Natokea Boko."

Nikapiga simu, nikaweka spika.

"Mpenzi," Augustine akaitika, "umekula?"

"Bado. Ile sentensi ya Kiingereza niliyokumalizia, ulikuwa unamwandikia nani?"

"Jamani Vai! Nani mwingine kama si wewe?"

Adelina akaishika meza kwa mikono miwili. Nikakata simu. Nilianza kulia mimi, sioni aibu kusema.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Miaka mitatu. Wewe?"

"Miezi minane." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Tumeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Imebaki moja."

"Basi si uvunje sasa hivi!"

"Mama keshashonesha sare za ukoo mzima, sista. Halafu mie nampenda." Akanitazama. "Jumapili padri atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Utakuja?"

Nilitaka kumwambia nitakuja, tena nitakaa benchi la mbele. Lakini mtu kayasikia yote kwa masikio yake na bado anamtaka. Nikamwambie nini kanisani?

"Sitakuja."

"Basi nisainie."

"Hayo ya mbele ni maneno yangu, Adelina."

"Nimeshajua. Kiingereza kiko sawa?"

"Kiko sawa."

Nikachukua kalamu, nikaandika: SAWA, Vaileth. Miaka mitatu nilisubiri jina langu likae kwenye kadi moja na jina la Augustine. Likakaa.