Hodi ya Cherono

Magharibi ilikuwa inaingia mjini Amu, kisiwani Lamu, Bochaberi alipotoka na sindano mkononi kwenda kuomba uzi kwa jirani. Zipu ya begi lake ilikuwa imekufa, na asubuhi alitakiwa kuvuka hadi kisiwa cha Manda akapande ndege. Miezi mitatu ya kibarua cha kliniki ilikuwa imekwisha. Kule Nyamira, mwanawe Moraa alikuwa akiuliza kila siku mama anakuja lini.

Safari hii alikuwa ameandamwa na mikosi midogo midogo. Kwanza kitana kilipotea. Kisha upande mmoja wa leso ukatoweka kambani. Chaja ikaungua. Juzi, ndara. Moja tu! Mwizi gani huyo anayeiba ndara ya kushoto? Na kila mara Cherono, rafiki yake tangu chuoni, aliyemtafutia kibarua na kumkaribisha katika nyumba ile kongwe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfariji na kumwazima vyake. "Ugenini ni hivyo, dadangu," alikuwa akisema. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Bochaberi aliamini hivyo kabisa, maskini.

Bi Mardhiya, aliyewapangisha, alikuwa ameketi barazani kwake. Aliingiza uzi kwenye tundu la sindano.

"Basi wenda zako, Cherono?"

"Mimi ni Bochaberi, Bi."

Sindano ikamponyoka.

"Bochaberi si yule mrefu? Kula siku magharibi namsikia mlangoni. Hodi wenyewe, asema, ni mimi Bochaberi."

Bochaberi akacheka. "Ah, huo ni utani wake tu." Hodi hiyo aliizoea. Hata yeye ilikuwa ikimchekesha.

Bi Mardhiya hakucheka. Alimsogelea, akanong'ona.

"Nyumba hini ilifungwa miaka. Nilimpa sharuti yule mwenzio. Aingiaye ajitaye jina. Na kula mwezi ukiandama, atie kitu chake kidakani, afukize ubani. Wenyewe wasioonekana wamjue."

"Wakishamjua?"

"Hawamuati. Endako kote humwandama."

Bochaberi alirudi mbio. Harufu ya ubani ilimpokea chini ya ngazi... nzito, ya kukaba koo. Juu, mlango wa chumba cha ndani, ambacho Cherono alisema ni stoo ya mwenye nyumba, ulikuwa wazi.

Ukutani palikuwa na safu ya vidaka, vishimo vya kuwekea vitu.

Katika kimoja, kitana chake, bado kina nywele. Katika cha pili, leso yake imekunjwa vizuri. Katika cha tatu, ndara ya kushoto.

Cherono alikuwa amechuchumaa mbele ya chetezo.

"Chero... kwa nini?"

"Walitaka jina, Bocha, nikawapa lako." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye ninayebaki hapa. Wewe ulikuwa unapita tu. Nilijua ukienda utakuwa mbali nao."

"Basi sema lako sasa. Taja jina lako."

Cherono akainamisha kichwa.

"Nakuomba. Nina mtoto, Chero!"

Cherono akaongeza ubani kwenye makaa ya chetezo.

Hilo lilimuuma Bochaberi kuliko hofu. Huyu walikula naye sahani moja! Alikumba vitu vyake, akabeba na begi lililo wazi, akashuka. Ndara ikamponyoka kwenye ngazi. Hakurudi kuiokota. Alipovuka kizingiti hasira zilimpanda. Aligeuka akapaza sauti kwa jina la mwenzake.

"Hodi wenyewe! Ni mimi, Cherono!"

Akaanza kwenda zake.

Kisha, kutoka ndani, sauti isiyokuwa ya Cherono...

"Karibu, Bochaberi."

Alilala kwa Bi Mardhiya. Kulipokucha akavuka, akapanda ndege, akaondoka bila kuaga. Kule Nyamira alimkumbatia Moraa mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Kitana na leso alivichoma nyuma ya jiko. Namba ya Cherono akaifuta, akalia, kisha akaona aibu kumlilia mtu wa aina ile.

Jioni ya pili walikwenda dukani kununua maziwa. Waliporudi giza lilikuwa linaanza kuingia. Moraa alikuwa mgongoni, nyumba ilikuwa tupu, ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Na kwa mazoea tu, ulimi ukateleza.

"Hodi!"

Moraa akacheka. "Mama, si hakuna mtu?"

Bochaberi akarudi hatua moja nyuma. Harufu ya ubani ilikuwa inapenya chini ya mlango.

Na ndani, polepole, ndara moja ilikuwa inakuja kufungua.

Pa...

Pa...