Salamu za Gari la Babu

Nyumbani kwetu gari husalimiwa kabla ya watu. Msicheke, ndivyo tulivyolelewa. Babu alikuwa dereva maisha yake yote, na alipofariki alituachia gari dogo la bluu lenye mlango mmoja wa kijani, pamoja na desturi yake. Kila asubuhi, kabla ufunguo haujatoka kwenye msumari wake ukutani, mtu mmoja anakwenda nje kufunua boneti, na mwingine anamuuliza kutoka ndani. Gari lenyewe tunaliita Mzee.

Kazi ya kufunua boneti ni yangu tangu nilipotimiza miaka kumi, na sasa nina kumi na miwili. Mama hushona mapazia na kuyapeleka kwa wateja kwa gari hilohilo, kwa hiyo viti vyake havikosi nyuzi. Yeye huuliza kupitia dirisha la jikoni huku akikoroga chai.

"Mzee kaamkaje?"

"Salama."

"Maji?"

"Yako kwenye mstari."

"Oili?"

"Ya kutosha."

"Matairi?"

"Yamesimama vizuri."

"Haya, mwambie tunatoka."

Ukisikia hivyo utadhani ni mchezo, kumbe ni kazi. Maji, ambayo fundi huyachanganya na dawa ya rejeta yenye harufu tamu, unayaangalia kwenye chupa ya plastiki iliyo kando ya rejeta. Chupa ina mistari miwili, na maji hayatakiwi kushuka chini ya ule wa chini. Oili ina kijiti chake. Unakichomoa, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha, unakichomoa tena, ndipo unasoma. Matairi unayazunguka yote manne, na usiridhike na yale mawili yaliyo karibu na mlango. Ni dakika tano tu, lakini ni zile dakika tano za alfajiri ambazo kila mwenye usingizi anazijua.

Wiki iliyopita Mzee aliugua. Fundi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alimwekea pampu mpya ya maji na kutuambia amepona. Basi hapo ndipo nilipojiharibia. Jumatatu asubuhi nilijiambia, gari limetoka kwa fundi juzi tu, litakuwa na nini? Nikajilalia kidogo zaidi, kisha nikaenda bafuni uani kupiga mswaki. Mama akauliza dirishani. Nikajibu palepale bafuni, povu limejaa mdomoni: salama, yako kwenye mstari, ya kutosha, yamesimama vizuri.

Bafu letu liko hatua chache kutoka gari linapolala, kwa hiyo sauti ilitoka upande uleule wa siku zote. Mama hakushuku kitu. Jumanne nikafanya hivyohivyo, na Jumatano pia. Tena Jumatano nilijibu "yako kwenye mstari" kabla mama hajamaliza kuuliza maji.

Alhamisi ilikuwa siku ya bibi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa anaona vivuli tu. Sisi alitutambua kwa nyayo, na mimi alisema natembea kama mtu anayetafuta ndala iliyopotea. Daktari wa upasuaji wa macho alikuwa anakuja hospitali yetu mara moja kila miezi minne, na safari iliyopita bibi alikosa nafasi kwa sababu orodha ilijaa. Safari hii jina lake lilikuwemo. Muuguzi alimwambia mama kwa simu, tena mara mbili, kwamba mgonjwa awe mapokezi kabla ya saa nne, na akichelewa nafasi yake atapewa mwingine.

"Mimi sitaki mengi," bibi alisema asubuhi ile, akiwa amempakata mdogo wangu wa miezi minane. "Huyu nimembeba tangu azaliwe na sijui pua yake ikoje. Nioneshwe hiyo pua tu, mengine nitashukuru."

"Ni ya kwako, bibi," nilimwambia.

"Basi maskini mtoto, kapatikana."

Tulicheka. Mama akauliza dirishani, nikajibu kutoka bafuni. Nilikuwa nimeombewa ruhusa shuleni ili nimshike bibi mkono, na nilikuwa na haraka ya kuvaa gauni langu zuri. Mtoto tukamwachia shangazi, na saa mbili kamili tukaondoka.

Aliyegundua kwanza ni bibi, ambaye hakuwa anaona. Tulikuwa tumeshapita viwanda, kwenye ile barabara ndefu isiyo na nyumba, aliponyanyua uso kiti cha nyuma.

"Mbona nasikia harufu ya sukari inayoungua?"

"Labda ni kiwandani, mama," mama alimjibu.

"Kiwanda kinatufuata?"

Mama akatupa jicho kwenye mshale wa joto. Ulikuwa umepanda mpaka kwenye nyekundu. Aliweka gari pembeni, akazima injini, na mvuke ukaanza kutoka pembezoni mwa boneti. Mimi nilijua, hata kabla hatujashuka nilijua.

"Pampu," mama alisema. "Amenifungia pampu mbovu yule mtu. Na leo, siku zote akose kuniharibia, aje aniharibie leo." Akachukua simu akampigia Fundi Taratibu, na maneno aliyomwambia hayakuwa ya kumwambia mtu mzima. Nilitazama vidole vyangu vya miguu kama vile vina jibu.

Tukiwa tunasubiri, mwanaume mmoja mwenye pikapu nyeupe alisimama kutusaidia. Alikuwa mwema, sikatai, alituletea dumu zima la maji kutoka kwenye gari lake. Lakini alitaka kufungua mfuniko wa rejeta papo hapo na kuyamwaga.

"Hapana, kaka," mama alimzuia mkono. "Ukiifungua ingali ya moto, mvuke utakurukia usoni. Na maji ya baridi yatapasua injini."

"Mimi langu nafanya hivyo kila siku, dada."

"Kila siku?" bibi aliuliza kutoka ndani. "Basi lako ndilo linaloumwa zaidi, mwanangu, lipeleke kwa fundi."

Yule mwanaume alicheka, akatuachia dumu na kwenda zake. Bibi akauliza ni saa ngapi. Mama akamwambia ni saa tatu kasoro dakika kumi. Bibi akasema kama ni hivyo atafutiwe pikipiki apande.

"Na hilo goti lako, mama?"

"Goti siendi kulipasua mimi, naenda kupasuliwa jicho."

Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona anavyoushika mkoba wake. Ulikuwa na kadi ya hospitali ndani, na alikuwa anaipapasa kuhakikisha bado ipo. Nilitamani anigombeze mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Fundi Taratibu alikuja kwa pikipiki, sanduku la vifaa limefungwa nyuma kwa mpira. Safari hii alikuja mbio. Hakujitetea, alimsalimia bibi kwanza, kisha akainama kwenye injini iliyokuwa imeshapoa kiasi. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Alifunga kitambaa mkononi, akaulegeza mfuniko wa rejeta kidogo kidogo, akachungulia.

"Humu hamna kitu. Asubuhi maji yalikuwaje?"

"Yalikuwa kwenye mstari," mama alijibu. "Binti yangu ameyaangalia. Huangalia kila siku."

Fundi alikuna kichwa. "Yalikuwa kwenye mstari saa mbili, sasa hakuna hata tone? Hayo yametoka yote kwa pamoja. Basi ni pampu kweli, dada, siwezi kukataa. Nisamehe. Itabidi niifungue, na hapa barabarani itanichukua saa mbili nzima."

Saa mbili nzima. Mama alikaa chini, juu ya nyasi, na nguo yake ya kutokea. Fundi akafungua sanduku, akatoa spana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibika mbele ya mteja wa miaka mingi. Alianza kulegeza nati ya kwanza. Mimi nikaona kwamba nati ile inafunguliwa kwa sababu ya uongo wangu, na ya pili itafunguliwa kwa sababu hiyohiyo, na zote zikiisha bibi atarudi nyumbani na vivuli vyake.

"Sikuangalia," nilisema.

Hawakunisikia vizuri, nikalazimika kurudia, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

"Sikuangalia maji. Leo sikuangalia. Tangu Jumatatu sijafunua boneti. Nilikuwa najibu kutoka bafuni."

Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki tena. Lakini Fundi Taratibu alikuwa ameshaacha ile nati.

"Rudia. Tangu lini?"

"Jumatatu. Siku nne."

"Siku nne!" Akarudisha spana kwenye sanduku, na kusema kweli alikuwa anatabasamu. "Basi hii si pampu. Pampu ikifa humwaga maji mara moja. Hiki ni kitu kinachotoa tone moja moja. Leteni tochi."

Nilimmulikia kwa simu ya mama. Hakugusa pampu kabisa. Alifuata mipira ya maji mmoja mmoja kwa kidole, akaupinda mgongo mpaka nyuma ya injini, mahali ambapo hata mchana ni giza. Pale mpira mdogo unapoungana na bomba, palikuwa na ukoko mweupe uliokauka. Kibano cha chuma kinachoubana mpira ule kilikuwa kimelegea.

"Huyu hapa mwizi wa maji. Na huyu, dada, ni wangu," alimwambia mama. "Nilimfungua nilipoweka pampu, sikumkaza sawasawa. Kosa langu."

"Na la kwangu," nilisema.

"Na la kwangu pia," mama alisema polepole. "Nimekutukana kwenye simu, fundi, bila kujua. Nisamehe." Kisha akanigeukia. "Wewe nimekukasirikia sana, na tutazungumza jioni. Sasa hivi shika dumu."

Fundi alikaza kibano kwa bisibisi. Haikuchukua hata dakika mbili. Kilichochukua muda ni kujaza maji, kwa sababu aliwasha gari na kuyamimina taratibu, kidogo kidogo, hewa itoke. Mimi ndiye niliyemimina. Alizungumza nami huku akitazama mshale, bila kunigombeza, na kwa kweli hilo liliniuma zaidi.

"Unajua tatizo lako si uvivu peke yake," alisema. "Mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo hata kama kichwa kinakugonga. Hiyo ni adabu, hakuna anayekulaumu. Wewe na gari ukalifanyia hivyohivyo. Lakini mama yako akiuliza maji, haulizi adabu. Anauliza maji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

"Na jambo la pili. Mimi gari silijui kuliko mnaoishi nalo. Natengeneza kwa kufuata mnachoniambia. Ukinidanganya, nitafungua kitu kizima na kukiacha kibovu. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini umeiwahi siku ya bibi yako. Kesho iseme mapema."

Tuliingia mapokezi saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Bibi alitembea mwenyewe, mkono wake begani kwangu, na goti lake sikulisikia likilalamika hata mara moja. Muuguzi alisoma jina lake kwenye orodha na kumwonesha kiti. Bibi aliponikabidhi mkoba wake, aliniinamia sikioni.

"Nilikusikia kule bafuni tangu Jumatatu," alisema. "Asiyeona husikia mtu anajibu kutoka wapi. Nikadhani mmebadilisha utaratibu, sikutaka kuonekana mzee wa maneno. Basi na mimi nina sehemu yangu."

Jioni mama alizungumza nami, na mazungumzo hayo ni yetu wawili. Ijumaa nilifunua boneti kabla hajaniuliza. Maji yalikuwa kwenye mstari kabisa. Hata hivyo nilirudi kuangalia mara mbili.

Bibi, aliyelala hospitali baada ya upasuaji, alifunguliwa bandeji siku hiyohiyo, jicho la kulia, la kushoto litasubiri safari ijayo ya daktari. Alipofika nyumbani aliomba mtoto kabla ya chai. Akaitazama ile pua kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, akaambiwa asilie kwa sababu ya jicho, akasema jicho ni lake.

Jumamosi mama aliuliza dirishani kama kawaida. "Mzee kaamkaje?" Nilikuwa nje, kichwa ndani ya boneti, nikasikia mtu anakuja nyuma yangu kwa hatua ndogondogo. Ni bibi. Alijishika kwenye mlango wa kijani, akauinamisha uso wake juu ya ile chupa ya plastiki, akafumba jicho la kushoto.

"Maji?" mama aliuliza.

Nilimwachia bibi ajibu. Hakuwa na haraka. Alitazama mpaka akaridhika.

"Yako kwenye mstari," bibi alijibu. "Nimeyaona."