Albamu ya Mwisho ya Rufus Kariuki

Haya yalimpata jirani yangu wa Sib, na kabla hujaniambia kwamba sisi wa Maskati tunapenda kutia chumvi, jua kuwa ukuta wetu ulikuwa mwembamba na mimi si kiziwi. Mengine niliyasikia. Mengine alinisimulia Shiro mwenyewe, na Shiro si mtu wa porojo.

Yalianza Ijumaa moja ya kawaida kabisa. Shiro na mumewe Ian walikuwa wametoka kanisani, maana huku ibada yetu ni Ijumaa, wali uko jikoni, na mzee Rufus, baba yake Shiro, ameketi dirishani na gitaa mapajani, kofia yake pana kichwani hata ndani ya nyumba. Wakenya wa rika lake wanamjua. Aliimba kantri Nyahururu, Nakuru na Nairobi, nyimbo za farasi na treni na wanawake walioondoka, ingawa yeye hajawahi kupanda farasi. Baadaye akaja Maskati kuimba katika hoteli moja, miaka ikapita, na siku moja koo likamkauka mbele ya watu. Sauti ikabaki ya kukwaruza. Hoteli ikampa mkono wa kwaheri, naye akahamia kwa binti yake.

Shiro alikuwa mja mzito wa miezi saba. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Kenya kwa wazazi wa Ian, na kwa desturi ya Wakikuyu alipewa jina la babu yake upande wa baba. Huyu wa pili naye picha ya hospitali ilionyesha ni wa kiume, na kila mtu alijua jina linalofuata ni la babu upande wa mama. Kwao jina si kibandiko. Ukimpa mtoto jina la guka wake, yaani babu yake, basi huyo ndiye guka amekuja upya. Rufus mwenyewe alimwita Shiro "mama", kwa kuwa Shiro alibeba jina la mama mzazi wa Rufus.

Lakini jina la mtoto huyu Shiro alikuwa hajalitamka. Kati ya mtoto wa kwanza na huyu kulikuwa na mimba nyingine iliyofika miezi minane, na mtoto alizaliwa kimya, hakupumua hata mara moja. Safari hii alijiapiza kutompa mtoto jina mpaka amsikie analia. Hilo tu ndilo aliloliomba kwa Mungu usiku na mchana: kusikia kilio.

Mzee naye alikuwa na ombi lake, albamu moja ya mwisho. Ghassan, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, alikuwa na studio nyuma ya nyumba yao Bausher, na alimpenda Rufus tangu enzi za hotelini. Alimwambia mlango uko wazi. Kilichokosekana ni sauti. Ndipo mzee akapata lifti ya kwenda milimani kutafuta asali ya kutibu koo, akarudi na chupa ya asali nyeusi tititi. Alisema aliyempa hakumwuliza lolote ila jambo moja: utaimba na nani? Akamwonya asirekodi wimbo wowote peke yake. Shiro na Ian walicheka. Mgonjwa wa koo hakosi washauri.

Wiki hiyohiyo mzee akaimba bafuni. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasimama na kanzu mkononi. Ilikuwa sauti ya kijana. Ilikuwa ile ya kwenye kaseti zake za zamani, laini na yenye nguvu, na Shiro upande wa pili wa ukuta alikuwa akilia kwa furaha.

Basi albamu ikaanza, nyimbo tatu tu, kila wimbo na mgeni wake wa kuitikia. Wa kwanza alikuwa Sammy, fundi wa magari, aliyempigia mzee gitaa tangu ujana wao. Wa pili alikuwa Pelagia, Mtanzania aliyefanya kazi katika nyumba moja Al Khuwair na kuongoza kwaya yetu, mwanamke ambaye sauti yake ilifika barabarani hata madirisha yakifungwa. Shiro alikuwa akiwapelekea chakula. Wakati wa kurekodi Ghassan alizima kiyoyozi ili mngurumo wake usiingie kwenye wimbo, na wote walitoka mle wamelowa jasho. Mzee peke yake alitoka mkavu.

Sammy alikauka sauti siku ya pili. Tukasema mafua. Pelagia alisimama mbele ya kwaya Ijumaa iliyofuata, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Si mkwaruzo. Si mnong'ono. Daktari alimulika koo lake akasema ni zima kabisa. Pelagia alikaa kwenye benchi amejishika shingo, machozi yanamtiririka, na hata kulia kwake hakukuwa na mlio. Shiro alimtazama, mkono wake ukaenda tumboni bila yeye kujua.

Kesho yake alikwenda Bausher kumzuia baba yake. Aliyemfungulia alikuwa Bi Nasriya, mama yake Ghassan. Bibi huyo alimvuta hadi jikoni, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, nna jambo la kukwambia. Chumba kile usiimbe. Hata neno moja usimwitikie."

Shiro akamwuliza alichokiona. Bi Nasriya alisema hakuona kitu, alisikia. Kila jioni Ghassan akishafunga na kuondoka, Sammy na Pelagia bado wanaimba mle ndani.

Shiro alimkuta mzee ameketi studio, buti zake zinang'aa, chupa ya asali imekaribia kwisha. Hakuzunguka.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua baada ya Sammy."

"Na Pelagia?"

Mzee aliangalia buti zake. Shiro alisikia moyo wake ukimvunjika, kwa sababu huyu ndiye aliyembeba mabegani kwenda shule wakati wa mvua. Akamwambia wazi kwamba yeye hataimba. Mzee akasema sawa, na hakuonekana kukasirika. Alianza kulia. Alisema umebaki wimbo mmoja tu, kisha atarudi Nyahururu akafie kwake, na hamwombi mwanawe kuimba. Anaomba kusikia jina la mtoto, basi. Asiondoke bila kujua kama kuna atakayebeba jina lake.

Ukimnyima mzazi jambo moja, la pili linakuwa gumu kumnyima. Shiro alimhurumia.

"Ni wewe, Baba. Ni Kariuki."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Mzee alifuta machozi. Akamwita "mama", akamshukuru, akaingia chumba cha kurekodia na kufunga mlango mzito wa kuzuia kelele. Mle hamkuwa na mgeni wa kuitikia, basi Shiro alitulia upande huu wa kioo pamoja na Ghassan aliyeshika mashine, ambaye mpaka hapo alidhani Sammy na Pelagia wameugua tu. Ghassan akazima kiyoyozi. Mzee akavaa hedifoni, akasogelea maikrofoni. Kabla ya gitaa, alitaja waimbaji, kama alivyofanya katika kila wimbo.

"Rufus Kariuki," alisema. "Na Kariuki."

Mtoto akageuka tumboni. Aligeuka kwa nguvu, mpaka Shiro akainama. Mzee akaanza kuimba. Alipofika kwenye kiitikio, alinyamaza kumpisha mwenzake. Shiro akaelewa.

Alikimbilia mlango. Haukufunguka. Alipiga kioo kwa viganja, mzee hakugeuka. Ghassan alichomoa nyaya zote ukutani. Taa za mashine zilizimika. Wimbo uliendelea. Kiitikio cha pili, mzee akanyamaza tena, akatikisa kichwa taratibu, akisikiliza. Tumboni mlikuwa kimya.

Mtoto alizaliwa hai, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Alipumua, alinyonya, alikuwa na macho makubwa. Alipokunja uso kulia, mdomo ulifunguka hadi ufizi ukaonekana, kifua kikapanda na kushuka, na chumba kikabaki kimya. Madaktari walimpima hapa, wakampima kwingine, wakasema hawaoni kasoro.

Rufus alikwenda hospitali kabla ya safari yake. Alisimama mbali na kitanda. Ian alitaka kumpiga, Shiro akamzuia, maana alitaka kusikia neno moja tu la kumtuliza. Mzee akamwambia kwa ile sauti nzuri ya ujana kwamba sauti ya mtoto ameiazima tu, na siku atakayokufa itarudi kwa mwenyewe. Kisha akaenda zake Kenya. Albamu ikapendwa, kila Jumapili redioni.

Tangu hapo Shiro alisubiri baba yake afe. Aliniambia hivyo bila kuficha, akimkunjia mtoto nepi. Kila simu ya Kenya ikiita, moyo wake ulitangulia, kisha ukarudi.

Ule wimbo wa mwisho alikuwa nao. Ian alimkataza kuusikiliza, lakini Ian akienda kazini aliuweka, na mimi nikausikia ukutani. Kwenye kiitikio, chini ya gitaa, kuna mtoto mchanga analia. Ndicho kilio alichokiomba, na asingeweza kukipata kwingine. Baada ya miezi kadhaa nilimwuliza kama amebadilisha wimbo, kwa sababu mtoto yule hakuwa akilia tena. Alikuwa akibwabwaja, kama watoto wafanyavyo meno yakianza. Shiro alisema wimbo ni uleule. Ghassan aliapa hajaugusa. Alikuwa ameshaufuta kwenye mashine zake.

Mtoto alipoanza kutembea, wimbo ulisema "mama". Shiro alipiga magoti mbele ya spika, akaitikia, "Naam, mwanangu." Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma yake ameshika kiti, midomo imefumbwa.

Mwezi uliopita nilikuwa kwao mchana, tunachambua mchele. Mtoto alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko vya sufuria. Shiro akauweka wimbo. Kiitikio kilipofika, gitaa lilikatika. Haikuwahi kutokea. Kisha sauti ya mtoto ikasema, safi, karibu sana, kana kwamba yupo pale mezani:

"Mama, guka amefika huku. Amesema haturudi, tunakaa."

Shiro aliinuka. Mchele ulimwagika kutoka mapajani mwake, na simu ikaanza kuita. Alikuwa kaka yake, kutoka Nyahururu.