Meza Mpya ya Vidole

Siku ile sebuleni kwetu hapakuwa na pa kukaa. Palijaa meza moja ndefu, yenye tundu upande mmoja. Tundu hilo ni la kuingiza uso mtu akilala kifudifudi. Mwanangu, fundi seremala, alilikata kwa kupima uso wangu na kifuniko cha sufuria.

"Mama, una uso wa sufuria kubwa," alisema.

"Na wewe una kichwa cha kigoda," nikamjibu.

Meza ilikuwa ya mjukuu wangu. Tunamwita Vidole, maana tangu mdogo alinikanda mabega. Alikuwa ametoka tu chuoni, amesomea kutibu mgongo na viungo kwa mikono. Bango lake lilishaandikwa, lilingoja kutundikwa mlangoni kesho yake. Furaha ilitujaa hadi chai ikapoa mezani.

"Mgonjwa wa kwanza ni mimi!" Fundi akasema, akapanda. "Wiki ya pili mgongo unauma. Nibonyeze nisikie mifupa ikilia ko!"

"Bila ko si dawa," nami nikadakia. Nilikuwa sijui.

Vidole alinawa mikono. Akapapasa mgongo, pingili baada ya pingili.

"Mjomba, maumivu yanashuka?"

"Hadi mguuni. Tena wayo una ganzi. Ndala inanivuka sina habari."

Mikono ya Vidole ikasimama hewani.

"Bonyeza, wewe! Au ulisomea kupapasa?" Fundi akahimiza.

Vidole akanigeukia. "Bibi, nadhani nisibonyeze. Lakini sina hakika. Chuoni nilikuwa na mwalimu nyuma yangu. Hapa nyuma yangu kuna kabati la vyombo."

Basi tukaenda mtaa wa pili, kwa Mama Tabibu. Yeye amefanya kazi hiyo ya kutibu kwa mikono zaidi ya miaka ishirini. Hakuanza na mgongo. Alianza na maswali, hata ya haja ndogo na kubwa. Fundi akaona haya, akanitazama mimi. Kisha akaambiwa ainue vidole gumba vya miguu. Cha kulia kiliinuka. Cha kushoto kilikataa.

"Leo habonyezwi mtu hapa," Mama Tabibu alisema. "Nendeni hospitali sasa hivi, apigwe picha."

Picha ilionyesha mshipa wa fahamu umebanwa. Daktari alisema tumewahi, akaanza kumtibu.

Tuliporudi kutoa shukrani, Mama Tabibu alimwambia Vidole, "Ungebonyeza kwa nguvu, mguu ungeweza kuharibika zaidi. Nini kilikuzuia?"

"Niliogopa, mama."

"Woga huo ni elimu. Ila usikae nao peke yako. Kabla ya kufungua pako, tafuta mlezi wa kazi. Tembelea sehemu kadhaa, kaa siku nzima uangalie. Uliza: mnaona wagonjwa wangapi kwa siku? Nani ataangalia mikono yangu? Nikikwama, nimuulize nani? Wakibabaika kujibu, chukua mkoba wako uondoke."

"Na ile ko?" nikauliza.

"Hiyo ni hewa ya kwenye kiungo tu, bibi. Haipimi uponyaji."

Vidole alizunguka wiki nzima. Mahali pa kwanza wagonjwa walisukumwa kama mikate kwenye tanuri, na mkubwa wa kazi hakuonekana. Pa pili palikuwa pazuri, lakini walitibu wanamichezo tu.

"Mimi napenda kutibu wazee kama wewe, bibi."

"Mzee nani?"

Siku ya mwisho nilimsindikiza kwa Mama Tabibu, akakaa kutwa nzima, akauliza maswali yake yote. Mama Tabibu alijibu kila moja. Kisha naye akaijaribu mikono yake. Aling'oa unywele wangu mweupe bila hodi, akauficha chini ya kurasa za daftari. Vidole akafumba macho, akapapasa kurasa kwa juu.

"Huu hapa!"

Tukahesabu kurasa. Kumi na mbili! Nilipiga vigelegele hadi wagonjwa wakachungulia.

"Utaanza Jumatatu," Mama Tabibu alisema. "Miaka miwili nitakuwa karibu yako. Kisha tutazungumzia bango."

Bango tukaliweka uvunguni mwa kitanda changu, limefungwa shuka safi. Meza ikahamia kwa Mama Tabibu. Fundi, ambaye sasa anainua vidole gumba vyote viwili, alikatazwa kubeba. Alibeba mto tu, huku akitoa amri njia nzima.

Jumatatu nililala juu ya meza ile, uso tunduni. Ulienea sawasawa. Vidole akaniuliza maswali mengi, kisha akaweka mikono begani. Nilichungulia chini. Niliona viatu vya mjukuu wangu, na nyuma yake viatu vyeusi vya Mama Tabibu, vimetulia.

Hapakuwa na kabati.