Nambari Ambazo Pamela Hakuzipima

Hivi wewe unayesoma, umewahi kumfundisha mtu kazi mwezi mzima, halafu siku ya mshahara ukamwona analipwa mara mbili yako? Kama hujawahi, kaa nikusimulie. Na nikipandisha sauti, univumilie. Jambo hili nikilikumbuka, kifua kinanichemka mpaka leo.

Nina binti anaitwa Lidwina, na mjukuu anaitwa Pamela, mtoto wa Lidwina. Tunaishi watatu hapa Msamala, Songea. Pamela ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Kila siku akitoka shule alikuwa akivua sare, anachukua hotipoti niliyoijaza ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na kumpelekea mama yake kazini. Mama yake ni karani wa kupokea na kutoa mizigo katika ghala la mahindi la Bwana Rupert.

Usidhani karani wa mapokezi anakaa tu na kalamu sikioni. Lori likiingia, Lidwina huchukua bambo, kile chuma chenye ncha kali na uwazi katikati, akalichoma gunia mpaka punje zimmwagikie kiganjani. Huchoma magunia ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, kwa sababu wako watu wanaopanga mahindi makavu juu na mabichi chini. Kwanza hung'ata punje moja. Iliyokauka hulia kaa! Mbichi hukubali jino taratibu. Ndipo hutia punje kwenye kipima unyevu, na unyevu ukizidi asilimia kumi na tatu na nusu, mzigo unarudi ulikotoka, hata kama mwenye lori ni shemeji yake.

Pale ghalani makarani walikuwa saba, wanaume watano na wanawake wawili. Wanaume wote watano walikuwa na mkataba, bima ya afya na mshahara wa mwezi. Wanawake wote wawili walikuwa vibarua wa elfu nane kwa siku, na siku malori yasipoingia, hawana kitu. Lidwina alikuwa na miaka sita pale. Mwezi wa sita akaletwa kijana anaitwa Aidan, miaka ishirini na miwili, hajui hata bambo linashikwa upande gani. Lidwina akamfundisha yote. Aidan akaanza na laki nne kwa mwezi. Laki nne!

"Mwambie bosi wako," nilimwambia Lidwina.

"Mama, nikisema wataniona nina kiburi. Pale getini kuna watu kumi wanaotamani nafasi yangu."

Basi akawa anameza tu.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, Pamela alifika ghalani na hotipoti yake. Mama yake alikuwa mlango wa nyuma, akihesabu magunia ya lori la kwenda Tunduru. Mlango wa mbele alikuwa Aidan, simu mkononi. Malori mawili ya mfanyabiashara mmoja yalikuwa yameingia. La kwanza Aidan alilipima. La pili lilimchosha kabla hajaligusa.

"Shikamoo kaka Aidan."

"Marahaba, karani mdogo. Eti mwandiko wako unafanana na wa mama yako?"

"Mwalimu wangu anasema wangu ni mzuri zaidi."

"Haya, tuone. Kaa hapa unijazie lori hili la pili, natoka kidogo kuongea na simu."

"Sehemu ya unyevu niandike ngapi? Halijapimwa."

"Andika kama mistari ya juu. Mahindi ya mtu mmoja, yatatofautiana nini? Na soda hiyo ni yako."

Pamela alijua si sawa. Mtoto huyu amemwona mama yake aking'ata punje tangu yuko darasa la kwanza. Lakini kile kiti cha karani kilikuwa kitamu, na soda ilikuwa ya baridi. Wapagazi wakawa wanapita na magunia begani, wakimtania: "Kazi njema, mheshimiwa! Usitukate mshahara!" Akacheka, akainamia daftari. Kumi na mbili nukta nane. Kumi na mbili nukta tisa. Akanakili hivyo mpaka magunia themanini yakaisha. Sehemu ya jina la karani akaiacha wazi, maana hakujua aandike la nani. Aidan aliporudi, akafunga daftari bila kulitazama.

Wiki tatu baadaye, wapagazi walikwenda kutoa mzigo wa shule moja ya bweni. Wakakuta magunia ya lile lori la pili yana joto kama mkate uliotoka jikoni. Walipofungua moja, ukungu wa kijani ulikuwa umeshikamanisha punje mabonge mabonge. Mahindi ya namna hiyo huwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na hata uyapike kutwa nzima haitoki. Fikiria, watoto wa watu wangelishwa uji huo asubuhi.

Bwana Rupert akafungua daftari, akaukuta mwandiko ule.

"Lidwina! Hii ni kazi gani?"

"Bosi, huu mwandiko si wangu."

"Nimeusoma miaka sita, utaniambia si wako? Ndiyo maana siwapi wanawake mkataba. Akili zenu mnaziacha jikoni! Kesho usije."

Kibarua hapewi barua. Maneno mawili tu, umefukuzwa. Na Aidan alikuwa amesimama palepale, anatazama viatu vyake.

Lidwina akarudi nyumbani saa sita mchana, akaketi kwenye kigoda akiutazama ukuta. Pamela alipotoka shule na kunyoosha mkono achukue hotipoti, nikamwambia, "Iache. Hakuna wa kupelekewa." Nikamweleza yaliyotokea. Mtoto akageuka rangi, akaingia chumbani bila hata kuvua sare. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili akala kidogo akatapika. Siku ya tatu nikamfuata nyuma ya nyumba.

"We Pamela, una nini?"

"Bibi, yale mahindi niliyaandika mimi."

Akanieleza yote, mpaka soda. Jamani, nilikasirika mimi! Nikavua kandambili. "Mtoto wewe! Siku tatu mama yako anakaa kwenye kigoda kama mgonjwa, na wewe unajua!" Ningemchapa, kama Lidwina asingetoka ndani na kunishika mkono.

"Mama, mwache amalize kusema."

Pamela akamaliza. Lidwina akamwambia, "Kesho utayasema hayo mbele ya Bwana Rupert."

"Mama, ninaogopa."

"Ogopa, lakini utasema. Nisikilize vizuri, Pamela. Ukiandika nambari ambayo hukuipima, umedanganya, hata kama aliyekuagiza ni mkubwa. Kuna mtu ataiamini, atakula chakula kwa sababu ya nambari yako. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, usingoje mpaka mwingine abebeshwe kosa lako. Kukaa kimya kunaharibu zaidi."

Nikamtazama binti yangu. "Na wewe je, Lidwina? Wewe kimya chako kina miaka mingapi?"

Akaichukua kandambili mkononi mwangu, akaiweka chini miguuni pangu.

Asubuhi nikavaa viatu vyangu vya kanisani, tukaenda wote watatu. Bwana Rupert alikuwa mezani anakunywa chai. Pamela akaamkia, akasimama wima, akasema yote. Hata soda hakuiruka.

Rupert akacheka. "Mtoto mmemfundisha cha kusema."

"Fungua daftari la mlango wa nyuma," Lidwina akasema. "Jumanne ile, saa tisa na nusu. Nani alisaini lori la Tunduru?"

Rupert akafungua. Jina lilikuwa la Lidwina, na saa ni ileile iliyoandikwa kwenye daftari la mlango wa mbele. Mtu hawezi kusimama kwenye milango miwili kwa wakati mmoja. Ndipo mzee Fransisko, mkuu wa wapagazi, akakohoa pale mlangoni.

"Bosi, ni kweli. Mtoto alikuwa kwenye kiti, Aidan alikuwa nje na simu."

"Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Ulitaka uulizwe na nani!" nikamrukia. "Mwenzako anafukuzwa mbele ya macho yako, unangoja barua ya mwaliko?" Mzee wa watu akarudi nyuma hatua mbili.

Aidan akaitwa. Hakukana, nampa hilo. "Nilidhani ni mahindi yaleyale, bosi. Dada Lidwina alinifundisha nipime kila lori. Uvivu ni wangu. Nisamehe, dada."

Rupert akajikuna kidevu. "Kijana bado anajifunza," akasema, "nitamkanya. Haya, Mama Pamela, yaishe. Chukua kiroba hicho cha sembe hapo miguuni pako umpikie mtoto, kesho uje kazini kama kawaida."

Kama kawaida! Nikafungua mdomo nimjibu, Lidwina akaniwekea mkono begani. Nikaufunga.

Nisikuweke roho juu: mkataba ulisainiwa Jumatatu iliyofuata, wa Lidwina na wa mwenzake wa kike, na nimeusoma mwenyewe kwa miwani yangu, ukurasa kwa ukurasa. Aidan alirudishwa kufanya kazi chini ya Lidwina, na sasa anapima kila lori. Pamela naye alikwenda Jumamosi tatu kufagia ghala, kwa amri ya mama yake, bila soda. Lakini mimi sikukuita hapa kwa ajili ya karatasi. Nilitaka uyasikie maneno yenyewe, kwa sababu nilikuwa nayangoja tangu mwaka wake wa kwanza pale.

Basi asubuhi ile, Lidwina alikisogeza kile kiroba kwa mguu mpaka kikagusa meza ya Rupert. Wapagazi walikuwa wamejaa mlangoni. Hakupiga kelele. Hakusema "samahani bosi" kwanza, kama alivyozoea.

"Sembe baki nayo," alisema. "Mimi nataka mkataba. Nataka bima ya mwanangu. Na nataka mshahara unaomlipa mtu niliyemfundisha kazi."